Jaji Aliyejitoa Uwanjani

Sisi wa Kirkhallan hatukuwa tumewashinda Balmorrie katika kriketi tangu kabla ya vita, na kiangazi kile cha 1958 tulibakiza mikimbio miwili tu, yaani alama mbili, tuwashinde. Aliyeshika gongo alikuwa Jaji Ninian Dalgarno, mwenye miaka sitini na moja na ukaidi wa nyumbu. Upande wa pili nilisimama mimi, Coutts, karani wake mahakamani. Tulikuwa wawili wa mwisho: akitolewa mmoja, mechi imekwisha.

Mpira ukaja, ukapita, mdakaji wa nyuma akaudaka. Balmorrie wakapiga kelele kwamba umegusa glavu ya jaji kabla ya kudakwa, kwa hiyo ametolewa. Mwamuzi akatikisa kichwa. Hakusikia kitu, jaji aendelee. Jaji akatia gongo kwapani, akaondoka zake.

Tukashindwa kwa mkimbio mmoja.

"Mheshimiwa, umetumaliza!" Erchie Haldane, nahodha wetu na muuza nyama wa mji, alimfokea mbele ya meza ya chai. "Mwamuzi kasema bado umo! Nani kakutuma ujihukumu?"

"Uligusa glavu, Erchie."

"Nani kaona?"

"Mimi."

"Si mna ile hukumu yenu ya 'haijathibitishwa', ya kumwachia mtu bila kusema ana hatia au hana? Ungejipa hiyo, mzee, saa hizi tunakunywa wiski!"

"Hiyo ni ya asiyejua. Mimi nilijua." Akajimiminia chai.

Wiki nzima mji ulimnunia. Erchie alimpimia mafuta matupu. Kanisani hakuna aliyekaa benchi lake. Naye kila asubuhi alipita katikati ya barabara kuu, kofia mkononi, akimsalimia kila aliyegeuza uso. Mimi niliumia kuliko wote, maana nilikuwa na langu moyoni.

Ijumaa nikafunga mlango wa ofisi yake.

"Mheshimiwa, ule mpira wangu wa kwanza kabisa, nilipoingia wa mwisho, ambao Balmorrie walidai wameudaka. Uligusa gongo. Mwamuzi alipokataa, nikabaki nimesimama."

"Najua," alisema, macho kwenye faili. "Niliusikia."

"Sasa mbona umeninyamazia, na mji mzima unakutafuna wewe?"

"Haikuwa kesi yangu, Coutts. Ni yako."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Jumamosi bucha lilijaa akina mama na vikapu vyao. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, Erchie akafuta kisu. "Nikukatie nini?"

"Sitaki nyama," nikasema, kwa sauti ile ninayowaitia mashahidi. "Mechi ile tulishindwa kabla jaji hajatoka, Erchie. Mimi nilitolewa, na sikutoka."