Mikaeli Huanguka Saa Kumi

Saa kumi kasorobo alasiri, wenye maduka ya chini katika jengo moja la soko la vitambaa la Zhongda, mjini Guangzhou, China, huanza kuvuta majora yao ndani. Hutangulia ya hariri, kwa kuwa hariri ikishaingia damu haiuziki tena, kisha pamba na jinzi. Mama wa duka la kona, ambaye wafanyabiashara wote wa Kiafrika humwita laoban, yaani bosi, hutandika plastiki nyeusi juu ya vigae, kisha hurudi kwenye bakuli lake la tambi. Saa kumi kamili Mikaeli huanguka kutoka ghorofa ya tatu.

Loyce alikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya uzamivu, akisomea uhifadhi wa maeneo ya kihistoria. Kwa miezi minane alikuwa akiandaa, pamoja na chama cha wafanyabiashara, njia ya kumbukumbu: matembezi ya saa mbili kupitia mahali ambapo Waafrika wa Guangzhou waliwahi kusimama kudai haki yao. Matembezi yalianzia kwenye mgahawa wa ugali walikoandika barua yao ya kwanza ya malalamiko. Yalipita kwenye jengo alilofia Mikaeli, yakafuata barabara ambayo wenzake mia mbili walimpitisha juu ya mkokoteni wa marobota, yakaishia kituo cha polisi walikomlaza mlangoni.

Ofisi ya mtaa haikuwa na kinyongo na njia hiyo. Ilitaka tu kila kibao kiandikwe sawasawa na majalada yake, na jalada la Mikaeli lilisema kwamba alijirusha mwenyewe akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Loyce alikataa kuandika hivyo. Basi jengo likakaa bila kibao, na chama kikamwandikia dada wa marehemu, Rozina, mwalimu wa hesabu huko Songea, aje aseme neno.

Rozina alifika siku ya Jumanne na sanduku dogo. Miaka saba iliyopita alikuwa ameletewa majivu ya mdogo wake ndani ya kopo lililofungwa kwa gundi, na barua ya mistari mitatu. Loyce alimweleza kuhusu saa kumi walipokuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi.

"Kila siku?" Rozina aliuliza.

"Kila siku, dada. Hata sikukuu."

"Na nani humpokea?"

Kabla ya saa kumi walikuwa wamesimama kando ya ile plastiki nyeusi.

Mikaeli alitangulia kutua kwa bega la kushoto, halafu kichwa. Mfupa wa bega ulichomoza nje ya shati, na meno mawili yakaruka hadi kwenye kizingiti cha duka la vifungo. Rozina alipiga magoti kwenye plastiki, akampakata kichwa, damu ikamlowesha hadi mapajani.

"Shikamoo, dada," Mikaeli alisema. "Umefika lini?"

"Marahaba. Leo asubuhi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama alifariki, mwaka juzi."

"Pole."

"Tumeshapoa."

Alipumua mara mbili, damu ikimtoka puani. "Sikujirusha," alisema, akafa. Saa kumi na robo mwili haukuwapo tena. Damu ilibaki, na laoban akaimwagia maji baridi ya chumvi.

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akisema. Hakuna aliyewahi kusogea karibu akamsikia.

Siku ya pili walipanda ghorofa ya tatu. Walikuwa na Odhiambo, Mkenya anayenunua vitambaa vya suti kwa ajili ya duka lake Nairobi, mmoja wa waliosukuma ule mkokoteni. Walisimama mwisho wa korido karibu na dirisha, kwenye duka la mapazia. Odhiambo aliweka simu tayari kurekodi.

Saa kumi kasoro dakika moja Mikaeli alikuja mbio. Mikono minne ilimfuata. Ilikuwa imevaa mashati ya buluu, na ilikomea kwenye viwiko. Nyuma ya viwiko hapakuwa na mtu. Mmoja ulikuwa na rungu. Rungu lilimpiga shingoni, halafu mdomoni, halafu magotini, taratibu, kama mtu anayetwanga.

"Pasipoti iko kwa wakala!" Mikaeli alisema kwa mdomo uliopasuka. "Anaishughulikia viza! Mpigieni simu!"

Mikono ilimshika mkanda na kola, ikamwinua hadi kizingiti cha dirisha. Rozina aliuchukua mkasi mkubwa wa mkata mapazia kutoka mezani, akauchoma mkono wa kulia uliokuwa karibu naye, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, hadi ncha ikatokea upande wa pili. Damu ilichuruzika. Mkono haukuachia. Ulimsukuma Mikaeli nje pamoja na ile mingine, chini ukasikika mshindo, kisha mikono yote minne ikajipangusa kwenye mapazia ya bei nafuu na kuondoka kwa kuelea.

"Nimeishika yote," Odhiambo alisema, akiitazama simu. "Iko sawa kabisa."

Mwenye duka aliomba arudishiwe mkasi wake.

Kesho yake walikwenda kituo cha polisi kwa miguu, wakifuata njia ileile ya mkokoteni. Kwenye makutano Odhiambo alisimama.

"Hapa ndipo polisi walinivunja taya siku ile, sista," alimwambia Rozina. "Na pale, kwa ile taa, mwenzetu Hannah alipigwa teke la tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilitoka hapo hapo barabarani. Halafu tukaambiwa tunazuia magari."

"Mlizuia?"

"Saa nne nzima," Odhiambo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Walipokewa na naibu mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye mvi chache. Aliwamiminia chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpya kuzunguka dole gumba. Aliitazama video mara mbili, hadi mwisho.

"Mikono inaonekana," alisema, na Loyce akatafsiri. "Lakini haina wenyewe. Jalada haliwezi kufunguliwa dhidi ya mikono."

Rozina alikuwa akiitazama bandeji.

"Muulize kama inauma."

Loyce alimuuliza.

"Kidogo," alijibu naibu mkuu. "Usiku zaidi." Kisha akagonga muhuri kwenye barua yao kuonyesha kwamba imepokelewa, akawasindikiza hadi mlangoni na kuwaonya kuhusu ngazi iliyolowa.

Wiki iliyofuata ofisi ya mtaa ililegeza msimamo. Iliruhusu kibao cha manjano cha tahadhari, kwa usalama wa wateja, kwa Kichina, Kiingereza na Kiswahili: *Mtu huanguka hapa saa kumi*. Karani alimpa Loyce maneno ya Kiswahili ayasahihishe. Loyce alilitazama neno *huanguka* kwa muda mrefu, akalifuta, akaandika *huangushwa*. Karani alihesabu herufi, akaona zinaenea, akaidhinisha. Jengo lote halikuwa na Mchina anayesoma Kiswahili, na Waafrika wote walikuwa wakijua tayari.

Rozina hakungoja uzinduzi wa njia. Shule zilikuwa zinafunguliwa.

Siku ya uzinduzi walikuja watu arobaini, wengi wao wanafunzi, na naibu mkuu alituma askari wawili wa kuongoza magari. Saa kumi kasoro dakika moja wageni walitazama juu. Mikono ilionekana dirishani. Ule wa kulia ulikuwa umepona, umebaki kovu la waridi, na ulikuwa umemkamata imara.

Mikaeli alitua kwa bega la kushoto. Loyce alipiga magoti, akampakata kichwa.

"Dada yuko wapi?"

"Amerudi Songea. Kazi."

"Amefika salama?"

"Salama. Alipiga simu jana."

"Afadhali," alisema Mikaeli. Akatema jino, akaongeza kwamba hakujirusha.

"Tunajua," Loyce alimwambia.