Moto wa Uani wa Baba Velma

Mume wangu Methuselah ana kifua kibovu na kichwa kigumu, na hospitali imetupa dawa ya kifua tu.

Tulihama Rukala baada ya mto Nzoia kuingia nyumbani, ukapanda hadi dirishani, ukaondoka na kuku wote. Binti yetu Velma, ambaye ni nesi Eldoret, akasema sasa basi, akatujengea nyumba hapa Busia mjini. Nyumba nzuri, ina maji ya mfereji na uwanja wa saruji nyuma. Fundi aliijenga ikiipa barabara mgongo, kwa hiyo huo uwanja wa nyuma ndio watu wanaouona wakipita kwenda sokoni, lakini hayo ni ya fundi na Mungu wake. Mimi niliipenda. Methuselah alikaa sebuleni siku mbili akitazama ukuta, kisha akatamka: "Hapa hakuna moto."

Kwetu jikoni ni kwangu, lakini jioni mwanamume huwa na moto wake nje, akauketia. Basi akawasha kuni juu ya saruji. Saruji ikapasuka, naye akakohoa hadi nikamshika mgongo asianguke. Velma alipoambiwa akapiga simu akifoka: "Baba, moshi mwingine kama huo, utaenda kupumua na mashine!" Baba akajibu kwamba kama ni hivyo, mvua zikianza anarudi Rukala akaote moto wake, mafuriko yamkute huko huko.

Ninamjua mtu wangu. Akisema anaenda, anaenda. Na akienda, kati ya maji na moshi, kimoja kitaniletea maiti.

Velma akasema siku hizi kuna vyombo vya chuma vya kuotea moto wa kuni visivyotoa moshi mwingi, tutafute kimoja. Alisema kirahisi kama mtu anayekutuma chumvi dukani.

Tukaanza kwa Robinson, mchomeleaji wa hapa mjini. Alikuwa na pipa lililokatwa nusu, akaliwashia kuni palepale.

"Hii haina moshi kabisa, mama," alisema, huku anafuta machozi.

"Na hayo machozi ni ya furaha?"

"Ni kuni tu ziko na maji kidogo. Ukiweka kuni poa, hii ni kama gesi."

Pipa lenyewe lilikuwa limebeba lami, na lilikuwa bado linaikumbuka kwa harufu. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakufika kwa Robinson. Methuselah alikohoa hadi barabarani, na alipopata pumzi akasema tatizo la lile pipa ni kwamba halikuwa la mviringo sawasawa.

Kisha mpwa wake Austine akaja kutoka Funyula kutusaidia, na msaada wa Austine ninaujua. Akaleta fundi, wakatujengea duara la matofali uani, wakaliziba chini na pembeni kwa saruji, safi kama kaburi la tajiri.

"Hewa inaingilia wapi?" nikauliza.

"Juu, aunti."

"Na moshi unatokea wapi?"

"Juu."

Nilikausha samaki kwa moshi kule Sio Port, ziwani, tangu nikiwa msichana. Moshi niliutafuta kwa makusudi, ndiyo kazi iliyonisomeshea Velma. Ukiutaka, unaweka kuni mbichi na kuunyima moto hewa ya chini. Usipoutaka, unafanya kinyume. Nilimweleza Austine hayo polepole kama mtoto wa chekechea, naye akaniambia ile ilikuwa dizaini ya kisasa. Tukaiwasha dizaini ya kisasa. Nguo zangu kwenye kamba zilinuka kama samaki mbuta wiki nzima, na Methuselah akalala ameketi.

Asubuhi nilimkuta anakunja suruali zake kitandani.

"Unaenda wapi?"

"Siendi. Nazikunja tu."

Nilikasirika, nikaogopa, na hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Nikafunga fungu la kuni zangu kavu kwa kamba, nikamwambia avae viatu, tukaenda Malaba.

Kule karibu na foleni ya malori kuna mtu anaitwa Ramathan, anayeuza majiko ya kila namna kutoka ng'ambo na mengine ya kutengeneza mwenyewe. Mdomo wake haupumziki, na kila mama humwita 'nyabo' kwa Kiganda. Alipoona tumesimama, akavuta chombo cha chuma kama ngoma, cha kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi katikati. Chini kilikuwa na matundu, na juu karibu na mdomo matundu mengine madogo yamezunguka.

"Nyabo, hii hewa inaingia chini, inapanda hapa katikati ikipata moto, inatokea hapa juu inachoma moshi. Moshi yote inakwisha! Hata mtoto unalaza hapa karibu."

"Washa."

Akachukua mafuta ya taa.

"Weka mafuta chini. Washa na kuni zangu."

"Nyabo, huniamini?"

"Sikuamini. Washa."

Akawasha. Mwanzo moshi ukafuka, nikaanza kufunga kamba yangu tuondoke. Kisha moto ukashika, ndimi zikatoka kwenye yale matundu ya juu zikikimbizana, na moshi ukaisha. Nikapitisha mkono juu yake, nikainusa leso yangu. Nikamwita Methuselah ainame. Akainama, akavuta pumzi, akangoja kikohozi, kikohozi hakikuja.

"Basi?" nikamuuliza.

"Ni sufuria hii," akasema. "Moto wa kwenye sufuria ni wa kupika, si wa kukaa."

Ee Mungu, mbona hukuniumba mtawa! Nilimwambia mbele ya Ramathan na madereva wote wa foleni kwamba tunainunua hiyo sufuria, na ataiketia hata kama ni kwa kumfunga kamba ya kuni. Ramathan akatubebea mwenyewe hadi kwenye gari, kimya.

Na ikafanya kazi, nasema haki. Jioni mbili za mwanzo niliwasha vijiti vichache, akaketi hapo kwenye kiti chake, na kifua kikatulia. Kikohozi chake kilikuwa kimezoeleka mtaani kama jogoo. Fazila mwenye duka, ambaye tunagusana naye ukuta, alinitania siku moja kwamba akisikia Mzee amekohoa mara ya pili anajua muda wa kufunga duka umefika. Sasa kukawa kimya. Lakini Methuselah hakuchangamka. Aliuangalia moto, akaangalia barabara, akaingia kulala mapema. Nikajiambia huyu mtu hana shukrani.

Jumamosi akataka moto wa maana. Akalisukuma gogo zima kwenye chombo, likawaka, na kwa kuwa hakuna moshi wa kuufunika, mwali ulipanda ukapita ukuta. Kisha akaingia kuoga. Mimi nilikuwa nimefua tangu asubuhi. Nikatandika mkeka karibu na moto, nikaketi, nikanyoosha miguu, leso kichwani, mkono shavuni, nikapumua.

Kwetu sisi, gogo kubwa likiwaka nje ya nyumba na mwanamke ameketi chini hivyo, hakuna anayeuliza. Ni matanga. Najua hilo kama ninavyojua jina langu, na Methuselah pia anajua. Lakini tulikuwa tumehangaika na moshi mpaka tukasahau kwamba moto wenyewe nao una maneno yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Fazila, mbio, pakiti za sukari kifuani.

"Mama Velma! Kumbe ndiyo maana sijamsikia! Siku mbili sijasikia Mzee amekohoa, nikasema labda amesafiri. Inna lillahi! Pole, dada yangu, pole!"

Akanikumbatia kabla sijafungua mdomo. Nyuma yake akaja Okedi, dereva wa lori, jirani wa upande wa pili, amebeba gogo begani kama desturi inavyotaka. Kisha akina mama wa kanisa waliokuwa wakitoka mazoezi ya kwaya, wakaanza kulia tangu barabarani. Uwanja ukajaa. Kila nikisema "hapana", wananishika wakisema "jikaze, mama".

Methuselah akatokea mlangoni, taulo shingoni, povu la sabuni sikioni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Okedi akaliachia gogo, nusura limvunje mguu. Mama mmoja wa kwaya akakimbia hadi langoni. Wengine wakabaki wamesimama na machozi yao, hawajui wayapeleke wapi. Mimi nikacheka, nikashindwa kujizuia. Yeye hakucheka. Alishuka ngazi polepole, akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe njia ya kuja hapa mnaijua," akasema. "Tangu nihamie mnanipungia mkono mkiwa barabarani. 'Habari, mzee,' mnapita. Nikiwa hai sina hata mgeni wa chai. Nikifa mnakuja mbio na sukari."

Nikaacha kucheka. Nilikuwa nimezunguka Busia na Malaba nikitafuta chuma, na mume wangu alikuwa akitafuta watu. Kule Rukala, kila jioni moto wake ulikuwa na majirani wake. Nilinuna nikidhani analilia kuni. Nikaona huruma, nikaona haya, nikamkasirikia pia kwa kutosema.

Okedi ndiye aliyesogea kwanza. Akaliinua lile gogo lake, akalilaza karibu na moto, akaketi juu yake.

"Mzee, sisi ni wajinga," alisema. "Hebu tuambie, hii kitu mbona haitoi moshi?"

Methuselah akavuta kiti. Akaanza kueleza habari za kuta mbili na hewa inayopanda katikati, kwa maringo, kana kwamba yeye ndiye aliyekichagua. "Mimi nilikiona tu nikajua," akasema. Nikameza hasira yangu, nikaenda jikoni kuwachemshia chai. Sukari walikuwa wameleta wenyewe. Akina mama wa kwaya wakateremsha mikoba, yule aliyekimbia akarudi, na kupitia dirishani nikamsikia Methuselah akicheka kicheko kirefu ambacho zamani kingeishia kwenye kikohozi. Kiliishia kwenye kicheko kingine.

Walipoanza kuaga, Fazila akachungulia ndani ya chombo, kisha akamtazama.

"Mzee, kesho utakuwepo?"

Methuselah akauchokoa moto kwa kijiti, bila haraka.

"Niende wapi," akasema, "na nyinyi mtakuja?"