Mgeni Anatambulika

Tusimwonee Bi Tabu. Kabla hajaanza mambo yake ya kamera, uchochoro ule wa Buza ulikuwa umeoza. Vijana wenye mapanga waliingia jioni watu wanasonga ugali, wakapora simu, wakabeba mtungi wa gesi wa mama ntilie, wakamkata mwalimu Lusungu mkono wa kulia kwa sababu alichelewa kuvua saa. Mpaka leo mwalimu anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Polisi walikuja kesho yake, wakaandika, wakaondoka. Sasa mjumbe wa nyumba kumi afanyeje? Akae anafuma vitambaa?

Hakukaa. Alifunga kamera kwenye pembe ya ukuta wake, pale uchochoro unapoanzia, na skrini akaiweka sebuleni kando ya kabati la vyombo. Akafungua kundi la WhatsApp, watu arobaini na watatu. Kisha akatoa sheria: hakuna mgeni wa kulala bila kufika kwake na kupigwa picha. Picha inakwenda kundini, na chini yake Bi Tabu anaandika jina la mgeni, anakotoka, nyumba na chumba alichofikia, halafu neno la kumalizia: anatambulika. Asiyetambulika akionekana, filimbi inalia.

Miezi saba haikuibwa hata ndoo. Watu walimtania, eti Bi Tabu anajua umekula nini kabla hujanawa mikono, naye alicheka mpaka magego yakaonekana, maana alijua ni kweli. Alikuwa anajua nani karudi saa ngapi, na nani kashuka kwenye bajaji ya nani. Na raha aliiona, jamani, tusidanganyane. Mjane wa miaka sitini na miwili aliyekuwa akisalimiwa kwa mazoea tu, leo wanaume na ndevu zao wanasimama mlangoni kwake wakiomba ruhusa ya kulaza shemeji.

Ndipo akaja Adelina. Huyu ni fundi cherehani kutoka Bukoba, mpangaji wa chumba cha uani kwa Mzee Jabiri, dada mpole asiye na neno na mtu. Alikuja na msichana aliyejitanda khanga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni huyo?"

"Mdogo wangu, Kokuberwa. Ila naomba, Bi Tabu, picha asipigwe."

"Kwa nini asipigwe? Ana nini?"

Adelina akageuka kumtazama mdogo wake. Bi Tabu akasogeza kiti. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mie ndiye mjumbe. Usiponiambia mie, utamwambia nani?"

Kokuberwa ndiye aliyejibu, kwa kuifunua khanga. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, na shingoni kulikuwa na alama za vidole.

"Ni Baba Hope," Adelina alisema. Hope ni mtoto wa Kokuberwa na mumewe huyo, yuko Bukoba kwa bibi yake. "Wanaishi kule Wazo. Safari hii kasema ataua, na huyu mtu akisema hutenda. Ameshamfuata mpaka kwa shangazi yetu Mikocheni. Hapa hapajui. Akipajua tu, Bi Tabu, mie nazika."

Machozi yalimtoka Bi Tabu, na yalikuwa ya kweli. Alimshika yule binti mikono yote miwili. "Wallahi halitoki neno. Kaa kwa amani."

Siku nne Kokuberwa hakuvuka uani. Ya tano chumvi iliisha, dada yake yuko kazini, akatoka kwenda dukani kwa Badru. Akanunua, akarudi. Hatua thelathini hazifiki.

Badru hakukawia. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaandika kundini: "Kwa Adelina kuna mgeni wiki nzima. Mbona picha hatuoni? Sheria si msumeno? Au kuna wanaokatwa na wanaopakwa mafuta?" Mama Farida akatia vicheko vitatu. Mwingine akauliza kama siku hizi mjumbe analetewa gauni la kushonewa bure. Mwingine akasema hao majambazi huanzaga hivihivi, wanatanguliza mwanamke aje kuchungulia. Mwalimu Lusungu, mstaarabu yule, akaandika kwa upole kwamba yeye mkono wake haukukatwa ili sheria iwe ya wengine.

Hilo la mwalimu ndilo lililomchoma. Bi Tabu alizunguka sebuleni, akakaa, akainuka. Kusemwa yeye! Yeye aliyewafanya walale milango wazi! Alijiambia kundini ni sie kwa sie, watu arobaini na watatu wanaojuana mpaka majina ya bibi zao. Alijiambia kuwa binti akijulikana atalindwa vizuri zaidi. Kwenda kumwomba picha aliona haya, kwa hiyo alirudisha nyuma picha za kamera mpaka pale Kokuberwa anapotoka dukani, khanga imeshuka mabegani, uso uko wazi, akaipiga kwa simu yake na kuituma. "Mgeni wa Adelina. Kokuberwa, anatoka Wazo. Chumba cha uani kwa Mzee Jabiri, nyuma ya duka la Badru. Anatambulika."

Vidole gumba vikamiminika. Badru akaandika, "Hapo sawa, mama yetu." Na moyo wa Bi Tabu ukatulia, Mungu amsamehe.

Jioni Adelina alikuja mbio, kiatu kimoja kimekatika. Hakugomba. Alipiga magoti. Bi Tabu akaifuta picha mbele yake, akamwonyesha. "Nishafuta kwa wote, mwanangu. Imekaa masaa machache tu, nani ataihangaikia?"

Adelina hakuwa na pengine pa kumhamishia mdogo wake. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alibisha hodi mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa pamoja na vumbi lote lile la Buza. Alivua kofia. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa huku mgeni haingii bila kuripoti." Akatoa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wake, ina muhuri, na kitambulisho cha taifa juu. Ansbert, jina lake. Bi Tabu aliisoma mara mbili kwa furaha. Ni nani siku hizi anayekuja na barua bila kuambiwa?

"Mie ni kaka yao Adelina na Kokuberwa," alisema. "Mama yetu ametutoka leo alfajiri. Sikutaka kuwaambia kwa simu, mama. Ni wanawake, watadondoka barabarani."

"Innalillahi! Pole sana, baba. Umefanya kiungwana." Na kweli, msiba wa mama hausemwi kwa simu. Mtu hufuatwa, akakalishwa, akapewa maji kwanza. Kwa hiyo Bi Tabu hakumpigia Adelina. Angempigia kumwambia nini? Alimpiga mgeni picha, naye akarekebisha kola. Alimtoa mpaka nje, akamwonyesha kwa kidole. "Ule mlango wa uani. Mdogo mtu yupo, dada mtu atarudi jioni. Mwambie taratibu, baba." Kisha akarudi ndani na kuituma picha kundini, akaandika chini yake bila kutaja msiba: "Ansbert, kaka yake Adelina. Ana barua. Anatambulika."

Akaingia jikoni kubandika chai ya wafiwa. Maji hayajachemka, simu ikalia.

"Bi Tabu!" Ilikuwa sauti ya Adelina, na nyuma yake vyerehani vinanguruma. "Mtu huyo uliyemtuma kundini yuko wapi?"

"Kaka yako? Nimeshamwonyesha nyumba, mwa..."

"Sina kaka! Huyo ndiye Baba Hope!"

Bi Tabu alitoka hana viatu, filimbi mdomoni, pumzi hana. Watu walitoka kama alivyowafundisha. Ilibidi mwalimu Lusungu na vijana wawili wauvunje mlango kwa mabega. Ansbert alikuwa amekaa kitandani, kofia mapajani. Kokuberwa alikuwa chini sakafuni, na hakukuwa na haja ya kumkimbiza hospitali.

Mpelelezi aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu. Alinakili picha za kamera, akachukua barua, akaandika saa ya kuingia. "Mama, nikwambie kweli," alisema, "mauaji mengi tunahangaika miezi. Hapa tuna sura, jina, saa, kila kitu. Mitaa yote ingekuwa hivi tungepumzika." Halafu akamwonyesha simu ya Ansbert. Mwanamume yule alikuwa amesambaza tangazo kwenye makundi ya watu: mke wangu amepotea, akili zimemruka, mwenye kumwona anihurumie. Na mtu alimhurumia. Alimtumia picha ya Kokuberwa anatoka dukani, na chini yake maneno ya Bi Tabu yote, herufi kwa herufi. Kati ya wale arobaini na watatu hakuna aliyekiri.

Usiku wa kuamkia safari ya kumpeleka Kokuberwa Bukoba kuzikwa, Bi Tabu alikwenda kwa Adelina. Alikuta begi limefungwa na godoro limekunjwa. Watu waliokuwa wamekaa na mfiwa wakatoka mmoja mmoja, wakawaacha.

"Nilikwambia wewe peke yako," Adelina alisema.

Bi Tabu alikuwa amejiandaa njia nzima. Alitaka kuleta habari za mkono wa mwalimu, za sheria, za barua yenye muhuri ambayo ingemdanganya yeyote. Alipofungua mdomo vyote vilimpotea, likatoka lile lililokuwepo.

"Walinisema, mwanangu."

Adelina alimtazama, kama mtu anayengoja maneno mengine yafuate.

"Walikusema," alisema. Akachukua begi lake, akampita mlangoni.