Kaburi la Candia Kwenye Muhogo

Mwanamke wa redio alikuja kutoka Arua kuniuliza kwa nini kijiji chetu hakijulikani. Nilimmiminia chai. Nilimwambia ni barabara, na sikudanganya: ukishuka kwenye lami ya kwenda Koboko, hata dereva wa bodaboda anakuuliza tena kama kweli ndiko unakokwenda. Aliandika “barabara” akasubiri niendelee. Nilimpa mandazi.

Ninyi nitawaambia, ila jina la kijiji silitaji. Tuko Uganda, upande wa mpaka wa Congo. Tuna kanisa, tuna kisima, tuna kijito chenye dhahabu, na tuna makaburi mengi kuliko watu. Msitupe pole. Hatukufa sana, tulikuwa tunalinda chakula.

Mambo yalianza dhahabu ilipoonekana kijitoni. Wachimbaji walikuja na makarai yao, wengi kutoka Congo, na mimi nikafungua kibanda cha chai, kwa hiyo sitawasema vibaya sana. Bosi wao alikuwa Gustave, mtu mpole, mrefu, anayesali kabla ya kula hata mandazi. Lakini mchimbaji akishafuata mshipa wa dhahabu hajui shamba wala jiko. Waliufuata mpaka choo cha Ocokoru kikaingia shimoni, bahati nzuri yeye hakuwemo. Dhahabu ikiisha wanahama, unabaki na shimo la maji na vyura, na vyura hawapikiki.

Mwenyekiti wetu, Aliga, akakaa nao wakakubaliana: shamba lenye kaburi halichimbwi. Hilo halikuwa na ubishi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na Wacongo nao ni watu wa Mungu. Wiki iliyofuata saruji ilikwisha dukani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mzee mmoja alimzika bibi yake mara ya pili, safari hii kwenye shamba la simsim. Aliga mwenyewe akagundua shangazi wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Gustave alitembea kijiji kizima akitazama saruji mbichi, akavua kofia kwa kila kaburi, kisha akasema lake: kila kaburi liwe na jina la mtu, na majirani waseme wanamjua. Aliyekosa jina, shamba lake lilichimbwa.

Hapo ndipo Drateru aliposhikwa pabaya. Ni jirani yangu, mjane, analea wajukuu bila msaada wa mtu. Wazazi wake wako mlangoni pake, wamezikwa kweli. Lakini chakula chake chote kilikuwa shamba la muhogo kule chini karibu na kijito, na mshipa ulikuwa unaelekea hapohapo. Shamba likienda, watoto wangekula nini? Alikuwa amebakiwa na jina moja tu, la mdogo wake Candia, aliyevuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Congo, akanyamaza miaka mingi.

Drateru alimwaga saruji katikati ya muhogo, akaandika CANDIA kwa msumari. Sisi majirani tulisema ndiyo, tunamjua. Hiyo angalau ilikuwa kweli. Wanawake tulipokusanyika na kuanza kufungua vinywa, maana kaburi bila kilio linatia shaka, Drateru alitugeukia kwa ukali.

“Hapana lia,” alisema. “Kula muhogo, enda nyumbani.”

Tulikula, tukaenda. Nilimwona mkavu wa moyo. Nilimsema kwa wenzangu pia, na sitaficha.

Muhogo ulistawi. Halafu kiangazi kimoja bodaboda kutoka Koboko ilisimama kibandani kwangu, akashuka mtu mwembamba wa kutisha, akaagiza chai. Alikohoa mpaka chai ikamwagika. Nilipomtambua kuwa ni Candia nilimwita dada yake, lakini habari ilikuwa imeshafika machimboni: mtu wa kaburi lile anakunywa chai kwa Pasca, yaani kwangu.

Tulikutana wote shambani, tumelizunguka kaburi. Gustave hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika kofia.

“Mwenyekiti, tulipatana. Kaburi ya mutu, hatuchimbe. Sasa mutu mwenyewe ni huyu, anakunywa chai. Hii kaburi iko ya nani?”

Aliga alitokwa jasho. Alikuwa anawafikiria shangazi zake. Drateru alisimama kati ya muhogo wake, mikono imeshika shina kana kwamba angeondoka nalo. Nilimwonea huruma.

Candia aliinama akasoma jina lake. Alilisoma polepole, akapitisha kidole kwenye kila herufi. Kisha akaketi juu ya saruji.

“Kaburi iko yangu,” alisema. “Jina yangu iko hapa. Mimi bado kuingia tu.”

Katika kesi zote za ardhi tulizosikiliza, hatukuwahi kumpata mwenye kaburi akatoa ushahidi mwenyewe. Aliga alikohoa kidogo, akanyoosha shati.

“Sheria inasema kaburi iko na mwenyewe,” alitamka. “Haikusema mwenyewe lazima iko ndani.”

Gustave alifikiri. Akavaa kofia akaenda zake.

Jioni ile niliwapelekea ndugu wale wawili chai. Candia alikuwa bado ameketi palepale. Alikuwa anagonga saruji kwa kisigino, na mchimbaji akigonga anajua. Chini hapakuwa pamechimbwa. Ilikuwa saruji juu ya udongo.

“Dada,” aliuliza, “nani alinililia?”

“Hakuna mtu. Mimi nilikataza.” Drateru alikuwa anamenya muhogo, hakuinua macho. “Kulilia mutu iko mzima ni kuita kifo yake.”

Candia akasema kule Congo shimo likianguka, watu wanahamia shimo lingine, hawaulizi waliobaki ndani walikuwa nani. Akapokea muhogo, akala. Mimi niliona aibu kwa yote niliyomsema Drateru.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila Candia hakuficha. Vumbi la mawe lilikuwa limejaa kifuani mwake, na kila mtu alilisikia. Aliishi nasi mpaka mvua za kwanza, akipalilia muhogo polepole kuzunguka kaburi lake, akilifagia pia.

Alipokufa, Gustave alikuja kuomba ruhusa kaburi wachimbe wao. Drateru aliitoa. Waliinua saruji kwa uangalifu isipasuke, wakachimba vizuri, kona nne, kama watu wanaoijua kazi. Kina kilipofika kifuani sululu ya Gustave ikagonga jiwe jeupe, likapasuka. Ndani yake kulikuwa na mstari wa njano, mnene kama uzi wa gunia.

Tuliuona. Mimi niliuona, Aliga aliuona, wachimbaji waliuona wakaacha kupumua. Gustave aliinua uso akamtazama Drateru.

“Iko kirefu ya kutosha?” Drateru aliuliza.

Gustave alitazama tena lile jiwe.

“Iko ya kutosha, mama.”

Akatoka shimoni. Tulimshusha Candia, wakarudisha udongo wote na mawe yote. Udongo uliobaki umeganda kwenye sululu Gustave aliukwangua kwa kidole, akaurudisha nao. Saruji ikalazwa juu, na jina lake.

Ndipo Drateru alipofungua kinywa. Alilia mpaka wakasikia ng'ambo ya kijito, alilia kilio cha miaka yote aliyojikataza, na sisi wanawake tukamfuata, na safari hii hakuna aliyetunyamazisha.

Mwanamke wa redio aliuliza jina la kijiji linaandikwaje. Nilimwongezea chai.