Kijiti Kilichopotea Kwenye Kona

Mama Pacha na wifi yake walikuwa na miezi miwili hawasemezani walipopangiwa kushika vibao kwenye barabara moja, mmoja huku, mwingine kule.

Chanzo kilikuwa picha. Siku familia ilipopigwa picha ya pamoja, Mama Pacha ndiye aliyepanga watu, akamweka dada wa mumewe nyuma ya mjomba mwenye kichwa kama mtungi. Picha ilipotoka, dada mtu alionekana kilemba na sikio moja. Nayo ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. “Hata sikio lenyewe ni la kushoto,” alilalamika kwa ndugu, kana kwamba la kulia lingekuwa na nafuu. Huyo dada, watu walimwita Filimbi, maana akiita mtu, mtaa mzima huitika.

Msimamizi wa kazi, waliyemwita Mzee Koni kwa jinsi alivyozipenda koni zake za barabarani, hakujua hayo. Yeye alikuwa na barabara ya kutengeneza: nusu imechimbuliwa, nusu inapitisha magari ya pande zote mbili kwa zamu, na katikati kuna kona inayozunguka kilima, hata aliye huku hamwoni wa kule. Akawapa kila mmoja kibao chenye SIMAMA upande mmoja na PITA upande wa pili, pamoja na redio ya mkononi ya kuulizana.

Kuulizana ndiko kulikoshindikana. “Mwambieni huyo wa kule naachia magari sita,” Filimbi alisema redioni, ilhali redio zenyewe zilikuwa mbili tu. Mama Pacha alijibu kwa kuguna. Sasa mguno una maana nyingi. Jumanne ya wiki ya pili, mguno mmoja ulieleweka kuwa “haya”, kumbe ulikuwa “ngoja”. Lori la magodoro likaingia upande huu, gari la shule ya udereva upande ule, yakakutana pua kwa pua kwenye kona. Breki zililia. Hakuna aliyeumia, ila godoro moja liliruka likatua juu ya boneti ya lile gari dogo. Dereva wa lori alipopiga kelele kwamba mwenzake arudi nyuma, mwanafunzi alishusha kioo akaeleza kwa adabu kwamba kurudi nyuma ni somo la Alhamisi. Ikabidi mkufunzi ashike usukani mwenyewe.

Mzee Koni aliwaita wote wawili kwenye hema la vifaa.

“Leo ningekuwa nazika watu,” alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowauma. “Mna nini nyinyi?”

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole bila kumtazama. Mama Pacha alimkumbuka yule mwanafunzi, msichana wa umri wa mdogo wake.

“Watu wasiosalimiana hawapewi redio,” Mzee Koni akaamua, akazitia kwenye mfuko wa koti. Akakata kijiti cha urefu wa mkono, akakipaka rangi nyekundu. Dereva wa mwisho wa kila kundi angepewa kijiti ili akikabidhi kwa aliye upande wa pili. Asiye na kijiti mkononi hafungui njia, hata aje nani.

Mambo yakanyooka. Tatizo lilikuwa kwamba Filimbi alianza kutuma na salamu. “Ukifika, mwambie kizibao chake amekivaa nyuma mbele.” Madereva walifikisha kwa uaminifu, wengine wakiongeza chumvi.

Asubuhi moja wiki iliyofuata, Mama Pacha alimkabidhi kijiti mzee mmoja wa gari dogo la kijani, wa mwisho kwenye kundi, bila maelezo, akidhani anajua cha kufanya. Mzee alikipokea kwa mikono miwili. “Ahsante sana, mwanangu,” akasema, macho yamemlowa. “Ahsante sana.” Mama Pacha aliona ajabu kidogo, lakini adabu haikatazwi.

Upande wa pili Filimbi akasubiri. Dakika kumi. Dakika ishirini. Magari ya kundi yalishakoma kuja, kijiti hakuna. Honi zikaanza. Wa kwanza kwenye foleni yake alikuwa kaka yake mwenyewe, fundi bomba, mume wa Mama Pacha, juu ya pikipiki.

“Dada, niruhusu. Bomba la watu limepasuka, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.”

“Kijiti kiko wapi?”

“Mimi nitakitoa wapi?”

“Basi waambie wapande juu ya viti.”

Ilipofika nusu saa, Filimbi alimshusha kaka yake, akamshikisha kibao. “Akipita hapa hata mbuzi, nakwenda kukusema kwa mama.” Akaingia njiani kwa miguu. Naye Mama Pacha, bila kujua hayo, alikuwa amemwomba dereva wa lori la kokoto alikingamishe lori lake barabarani asipite mtu, akaanza kutembea. Wakakutana kwenye kona. Hakuna aliyesalimia.

Ndipo wakasikia nyundo. Nyuma ya lango moja pembeni lilisimama lile gari la kijani, na barazani yule mzee alikuwa akigongelea misumari miwili ukutani, mkewe amemshikia kile kijiti.

“Shikamoo,” wakasema kwa pamoja.

“Marahaba, wanangu. Karibuni mwone.” Alikuwa mwalimu mstaafu. “Miaka arobaini na moja naendesha, sijagonga hata kuku. Nilimwambia mama huyu, ipo siku watanitambua. Leo wamenipa tuzo.”

Filimbi alinong’ona pembeni ya mdomo. “Mwambie wewe.”

“Wewe ndiye mkubwa.”

“Leo ndiyo nimekuwa mkubwa? Kwenye picha nilikuwa sikio.”

Mama Pacha alijaribu kujizuia, akakohoa, kisha kicheko kikamponyoka puani. Filimbi naye akashikwa. Walicheka wakishikana mabega, mwalimu akatabasamu nao akidhani ni furaha ya tuzo.

Kilichowanyamazisha ni gari jingine. Binti wa mwalimu alikuwa akilirudisha nyuma kutoka uani, polepole, moja kwa moja kuelekea langoni. Filimbi alikimbia akaligonga kwa kiganja, likasimama. Akatazama barabara, akatazama lango, akaona na malango mengine mawili jirani.

“Wifi,” alisema, na hilo neno lilikuwa halijasikika kwa karibu miezi mitatu. “Hawa wakitoka, wanatokea katikati yetu. Siku zote hizi tunaachia malori hatujui nani yumo.”

Ikabidi mwalimu aelezwe ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kung’oa msumari wa kwanza. Mkewe akatazama pembeni. Mama Pacha hakuvumilia.

“Mwalimu,” akasema, “kweli siyo tuzo. Ni kazi.”

Kijiti kikarudi kazini, na Mzee Koni, alipoelezwa, alikubali wazo hilo siku hiyo hiyo, kwa aibu, kwa sababu hayo malango hakuwa ameyaona kwenye mchoro wake. Akaweka alama ya tahadhari kwenye kila lango, na kibao cha tatu pale katikati, mikononi mwa mwalimu. Mkewe alimpigia kizibao pasi. Mtu akitaka kutoka nyumbani, sharti amwone mwalimu kwanza. Naye haruhusu gari litoke mpaka injini, mkanda na nidhamu viwe sawa. Siku ya tatu alimsimamisha Mzee Koni mwenyewe kwa kosa la kuzungumza na simu huku akiendesha. Mzee Koni alikaa dakika nane, akatii.

Kazi ikaisha bila gari kugusa gari. Siku ya kukusanya koni, mawifi wawili walizibeba huku wakitaniana kwa sauti hadi juu ya kilima, na mwalimu akazipanga kwenye lori moja moja, kama mtu anayefunga shule. Alipomaliza alimvuta Mzee Koni kando, ili mkewe asisikie, akamuuliza kama ile barabara ya sokoni nayo haijaanza kupasuka.