Vali ya Mwavita

Kwa miaka sita Daktari Drocella alikuwa akifuatilia mioyo ya watu mia mbili wa Rusizi na wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mioyo iliyoachiwa makovu na maradhi ya koo ya utotoni. Kila mwezi sindano ya penisilini, kila mwaka picha ya moyo. Dai lake lilikuwa moja tu: asiyekosa sindano, vali yake, kile kilango cha ndani ya moyo, haiharibiki zaidi. Na katika wote aliyejivunia zaidi ni Mwavita, muuza dagaa wa sambaza kutoka Bukavu, ambaye hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja.

Basi picha ya Mwavita ya mwaka huu ilipomfikia Drocella, daktari huyu wa moyo akashtuka moyo. Vali iliyokuwa na kovu dogo sasa imebana kama tundu la kifungo. Parfait, fundi wa picha aliyeanza kazi mwezi uliopita, aliapa kwamba mashine ni nzima. Drocella aliipima upya picha hiyo mara tatu akiomba awe amekosea. Hakukosea. Utafiti kuharibika lilikuwa jambo moja; kumtazama usoni mama wa watoto wanne, ambaye yeye mwenyewe alimwambia asiogope, ndilo lililomkosesha usingizi.

Akamwita. Mwavita alipanda ngazi za ghorofa mbili na beseni kichwani, akasalimia bila kuhema. Mwenye vali ile angekaa chini njiani. Drocella akamlaza na kushika kifaa kwa mkono wake. Kovu lilikuwa lilelile, dogo vilevile.

Akamuuliza taratibu kulikoni. Mwavita akainuka kitandani, akasema.

"Docteur, usikasirike. Ile siku haikukuwa miye. Nilimupatiaka Charlotte carte yangu."

Wanawake wa biashara pale mpakani ndivyo walivyo: mwenzako akikosa karatasi, unamwazima yako apite. Charlotte, muuzaji mwenzake, alikuwa akibanwa na pumzi na hakuwa na kadi ya kliniki. Wakafanya kama walivyozoea.

Drocella alitaka kugomba, kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, mzigo wa wiki nzima ukamtoka mabegani. Kisha akaona aibu, maana vali iliyobana ilikuwa ya mtu.

Charlotte alikuwa langoni, akilinda beseni zao. Wakampandisha wamembeba kwenye kiti. Daktari akamweleza yote: vali imebana lakini bado ni laini, Kigali wataipanua kwa kipira kidogo kinachopitishwa mshipani, bila kupasua kifua, na amewahi. Charlotte alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Miye nilijuaka nitakufa," alisema. "Nilitaka tu kujua ni mwaka gani."

"Haiko huu mwaka, maman," Drocella akamjibu kwa Kiswahili cha Bukavu alikokulia. "Na ukinisikia, hautakufa sababu ya huu moyo."

Charlotte akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.