Supu Haijaiva

…na povu tena, povu la kijivu linapanda pembeni ya sufuria, nalitoa kwa upawa nalimwaga kwenye majivu, linapanda tena, hata hivyo hili ni povu la mwisho mwisho, makongoro yametoka mbali haya, jana buchani nilimwambia Maduhu nipe miguu ya mbele, akacheka, siku hizi chuo kikuu wanafundisha miguu ya ng'ombe?, nikaibabua mwenyewe motoni mpaka manyoya yakaisha, nikaikwangua kwa kisu, nikagonga kwato zikatoka, na leo tangu jogoo wa kwanza imo ndani ya sufuria na tangawizi na pilipili manga nyingi, kwa sababu ni supu ya mzazi, na mzazi hapewi supu iliyopoa ladha… "Mageni! Hiyo supu bado tu?" Mama huyo, nje ya mlango wa jiko, nasikia ndala zake kwenye changarawe, na bila kumwona najua ameshika nini, kitambaa chekundu kilichofungwa fundo, ndani yake kitonge cha ukubwa wa punje ya mahindi, dhahabu na zebaki zimeshikana, kazi ya jana ya mwaloni, kutwa nzima ameinama anaosha mchanga maji yakimfika magotini, na sasa anataka moto wangu, aichome zebaki itoke ibaki dhahabu. "Bado, Mama." Bado. Nagusa nyama kwa uma, inateleza yenyewe kutoka kwenye mfupa, imeiva zamani, imeiva kuliko mimi… "Mheshimiwa ndo anahutubia makongoro hapa," Nelly anasema, dada yangu, amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto, kitenge kimoja kiunoni, kimoja mabegani, mtoto amezama humo ndani, siku tisa leo, na Mama kutoka nje, "Mwambie ahutubie haraka, mayu mwanangu, mie nahitaji dakika kumi tu, kisha mrudishe sufuria yenu," na Nelly anacheka, meno yake yanagongana kwa baridi huku anacheka, kipupwe cha mwaka huu kimekuja na upepo wa kuchuna ngozi, na mzazi hapigwi na baridi, akipigwa maziwa yanakauka, ndivyo Mama asemavyo, ndivyo alivyosema mama yake kule Mhunze, mzazi na moto, mzazi na supu, nani atabisha, mimi mwenyewe sibishi, supu nimepika kwa mikono hii, nataka anywe, nataka atoke jasho kwenye paji la uso, nataka maziwa yashuke… ila maziwa yapo, maziwa yapo mpaka yanalowesha gauni, mtoto ndiye hanyonyi, anavuta mara mbili anaachia, analala, na vidole vyake vinatetemeka hata usingizini, nesi wa zahanati alisema tumpe wiki mbili, wengine huchelewa kujua ziwa, alisema bila kuniangalia, au aliniangalia mimi ndiye niliyeinama, sikumbuki, nakumbuka sakafu tu, nyeupe, ina ufa… kama huu hapa, ufa wa jiko letu, chini ya figa la kushoto, alfajiri nilipofagia majivu niliona kitu kinang'aa ndani yake, kitone, kama jicho la dagaa, nikakigusa kwa njiti kikagawanyika vikawa viwili, vikakimbizana, vikaungana tena, na mimi nikapanga figa juu yake nikawasha moto nikabandika supu… hapana, kwanza nilikichokoa chote nikakiweka kwenye kizibo nikakitoa nje, nilikitoa, nina hakika nilikitoa, lakini ufa ni mrefu… "Upepo huu utaniua," Mama anasema, na mimi moyoni, si upepo, Mama, si upepo. Mwezi wa sita, siku moja baada ya fainali ya mdahalo kule Mwanza, nilipita nyumbani na cheti ndani ya begi, cheti kina muhuri wa dhahabu, mtu anaweza akacheka, muhuri wa dhahabu, na hoja ilikuwa yangu kabisa, nilisimama nikasema mvuke wa zebaki hauna rangi, hauna harufu, unampita mama unamfikia aliye tumboni, na Herman wa timu pinzani akainua mkono, mzungumzaji amewahi kumwona huyo mama anayemsemea?, nikamjibu, amenizaa, wakapiga makofi, wakapiga meza, Herman naye akapiga makofi… na kesho yake huyo mama aliyenizaa akafunga mlango huuhuu, akasukumia gunia chini yake upepo usiingie, na jirani asione, maana Mama Boaz ana macho na dhahabu ikionekana tu inakaribisha wageni, akaweka kitonge kwenye kijiko kilichoungua mpini, akakishika juu ya makaa, na kitonge kikaanza kugeuka, kutoka weupe kwenda njano, taratibu, kitu kizuri kukitazama, nasema kweli, kizuri, na Nelly akaingia na tumbo la miezi minane akisema jamani baridi, na mimi, bingwa wa kanda, mimi mwenye cheti, nikainuka nikamsogezea kigoda. Sogea hapa, dada, kuna joto. Maneno sita, hapana, matano, nimeyarudia mpaka yameisha maana, sogea hapa dada kuna joto, kigoda ni hikihiki, amekikalia sasa hivi… na kwa nini nilinyamaza, tuseme ukweli, mwenyekiti hayupo, kengele haipo, nilinyamaza kwa sababu ada yangu ilikuwa ndani ya kijiko kile, imegeuka njano nusu, na ukianza kusema unasema mpaka wapi, utasema Mama acha, halafu utamwambia ashike nini?… na wao je, wale wa mradi waliokuja na semina na fulana, wakaleta chombo cha kuchomea chenye mfuniko wa kunasa mvuke, kimoja, kimoja kwa machimbo mazima, kikafungiwa ofisini kisiibiwe, mpaka leo kimefungiwa, nilitaka kuwararua hao, nimewararua kwenye majukwaa matatu, inapendeza kumrarua mtu ambaye hayupo… "Mageni, umelala?" "Naongeza chumvi, Mama." "Chumvi gani ya saa nzima? Kachimbe bahari basi." Ni Nelly tena, anacheka, na kicheko chake kinamwamsha mtoto, analia, kilio chembamba, hakipandi, Nelly anampa ziwa, anavuta mara moja… mara ya pili… anaachia. Nelly hacheki tena. Ananitazama. "Na huyu naye," anasema, "sijui ananisusia nini." Na siwezi kuthibitisha, hilo nalijua, mzigo wa kuthibitisha uko kwangu na sina kitu, wako watoto wengi wasionyonya kwa sababu zao, na Mama atanijibu kwa hoja moja tu, nimechoma miaka kumi na minne, ulikuwa ukicheza hapahapa, ukatoka mzima na mdomo wote huo, na ndiyo, nilitoka na mdomo wote huu, mdomo niliufungua Mwanza nikaufunga hapa… "Mageni, mpe Mama moto," Nelly anasema, taratibu, "mie nitakunywa hivyohivyo, hata ikiwa ngumu." "Toka basi, ukakae chumbani," namwambia. "Chumbani kuna baridi, unataka nife?" Na Mama anacheka huko nje, "Akae, akae, ananisumbua nini, mzazi anahitaji joto," mkono wake umeshafika kwenye komeo, naona kivuli cha vidole kwenye mwanya wa mbao, vidole vya Mama navyo siku hizi vinatetemeka, husema ni maji ya mwaloni, baridi ya mwaloni… na nachota kikombe cha maji kwenye ndoo, maji baridi kama barafu, namimina kwenye supu. Inanyamaza. Yote iliyokuwa ikitokota inanyamaza papo hapo, mafuta yanasimama juu kama macho. "We! Unafanya nini?" Nelly huyo. "Haijaiva," nasema. "Mama, subiri, haijaiva, nimeongeza maji." "Eee Mungu wangu, msomi hata supu imemshinda," Mama anasema, na vidole vinatoka kwenye mwanya, ndala zinarudi hatua mbili, zinasimama. Hajaenda. Anasubiri. Nachochea kuni. Ndoo ina maji ya vikombe viwili tena, labda viwili na nusu nikiinamisha, na supu itaharibika, itakuwa maji ya kunawia, Nelly ataniuliza mbona, na maji yakiisha itabidi niseme, na hapa napanga hoja zangu kama kawaida, ya kwanza mvuke, ya pili chombo cha ofisini, ya tatu tukachomee porini upande upepo unakokwenda, na zote ni nzuri, na hakuna hata moja inayoweza kwenda mbele, kwa sababu mbele kumekaa kitu kingine, kifupi, hakina ushahidi wala hakihitaji, na ni cha Nelly kwanza kabla ya Mama, nakiona kimekaa mdomoni kama mfupa… kiputo kimoja kinapanda kutoka kwenye kitako cha sufuria, kinapasuka, kingine, inaanza kuchemka tena, nami nashika kikombe, na Nelly bado ananitazama juu ya kichwa cha mtoto, dada, nilijua, dada, siku ile nakusogezea kigoda, nilijua…